Nambari Inayojua Kukataa

Chukua nambari 512. Katika mifumo endeshi ya ukoo wa BSD, ikiwemo macOS ya kompyuta za Apple, programu ikifungua faili kwa mwito wa open na kuambatisha 512, inasema: kama faili halipo, litengenezwe. Katika Linux, kwenye prosesa za Intel na AMD na kwenye ARM za simu zetu za Android, 512 hiyohiyo kwenye mwito huohuo inasema: kama faili lina kitu ndani, kifutwe chote. Huku inajenga, kule inabomoa, na hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea, kwa sababu kompyuta imetii sawasawa ilichoambiwa.

Ndiyo maana waandishi wa programu wenye uzoefu hawaandiki 512. Wanaandika O_CREAT, jina ambalo kila mfumo umeliweka katika mafaili yake ya vichwa, kisha kompaila inatia nambari inayofaa mahali hapo. Kwenye BSD jina hilo hugeuka 512. Kwenye Linux ya Intel hugeuka 64. Jina la kufuta, O_TRUNC, ni 1024 upande wa BSD na 512 upande wa Linux. Nayo 1024 ya Linux ni O_APPEND, yaani andika mwishoni bila kugusa yaliyotangulia. Orodha hizi mbili zingekuwa mbali kabisa, makosa yangejulikana mapema. Zimekaribiana, zikagombania nambari zilezile, na hapo ndipo hatari ilipojificha.

Kazi ya kuchagua nambari za aina hii haina shangwe. Hakuna mtumiaji wa kompyuta atakayeziona, na hata waandishi wengi wa programu huzipita bila kuziangalia. Lakini anayeyasoma mafaili hayo ya vichwa bila haraka hugundua kwamba nyuma ya kila nambari kuna mtu aliyeketi akaamua, na kwamba baadhi ya waamuzi hao walikuwa mafundi hasa.

Kwanza, kwa nini 64, 512 na 1024, wala si 1, 2, 3, 4? Kwa sababu zinatakiwa kuunganishwa bila kuchanganyikana. Kila moja ni kipeo cha mbili, yaani biti moja iliyowashwa peke yake, kama swichi moja kwenye ubao wenye swichi nyingi. Anayetaka faili litengenezwe kama halipo, na lifutwe kama lipo, anajumlisha 64 na 512 akapata 576. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ikiipokea 576 haina haja ya kubahatisha, maana hakuna biti nyingine mbili zinazotoa jumla hiyo.

Kanuni hii nzuri ina doa moja, nalo ni la kale kuliko kanuni yenyewe. Katika mwongozo wa kwanza wa Unix, wa Novemba 1971, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs waliipa open sifuri kwa kusoma, na nambari nyingine yoyote kwa kuandika. Baadaye mpango ukatulia: 0 ni kusoma, 1 ni kuandika, 2 ni yote mawili. Kwa binadamu unaeleweka mara moja. Kwa biti ni kero, kwa kuwa kusoma hakuna biti yake. Ni sifuri, na sifuri haionekani. Ukiunganisha kusoma na kuandika, 0 na 1, unabaki na 1, kuandika peke yake. Programu inayotaka kujua faili lilifunguliwa vipi haiwezi kuuliza kama biti fulani imewaka. Inalazimika kuchuja biti mbili za chini kwa jina maalumu, O_ACCMODE, ambalo thamani yake ni 3, ndipo ilinganishe.

Dawa yake ndani ya kerneli ni mstari ninaoupenda kuliko mingi iliyoandikwa katika lugha ya C. Katika Unix toleo la saba, la 1979, open inapoipokea nambari ya mtumiaji kitu cha kwanza inachoifanyia ni kuiongezea moja. Basi. 0 inakuwa 1, 1 inakuwa 2, 2 inakuwa 3. Ukiziandika kwa kizio cha mbili unapata 01, 10 na 11: biti ya kusoma, biti ya kuandika, na zote mbili pamoja. Nambari zilizochaguliwa kwa macho ya binadamu zimegeuka nambari zilizochaguliwa kwa macho ya mashine, kwa kujumlisha moja tu. BSD bado inafanya hivyo. Linux nayo inafanya hivyo. Doa limebaki nje, ndani kumesafishwa, na aliyeandika programu yake miaka arubaini iliyopita hajasumbuliwa.

Kuna waliojaribu kulifuta doa lenyewe. Mfumo wa GNU Hurd ulizipa kusoma, kuandika na vyote viwili 1, 2 na 3 waziwazi, kama ambavyo ingefaa tangu mwanzo. Programu iliyotumia majina ilihamia huko bila taabu. Ile iliyozoea kuandika sifuri kwa mkono hupata faili ambalo limefunguliwa lakini halisomeki wala haliandikiki, maana huko sifuri imechukuliwa kwa maana yake halisi: hakuna ruhusa iliyoombwa.

Hapo ndipo uzito wa kazi hii unapoonekana. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kuchagua 64 ni kazi ya dakika moja. Kuiondoa haiwezekani tena, kwa sababu programu ikishatafsiriwa kuwa lugha ya mashine, jina O_CREAT limetoweka na imebaki nambari tupu. Programu hiyo iko kwenye diski za watu ambao aliyechagua hatawajua kamwe. Akibadilisha nambari leo, kesho programu zao zitafanya jambo jingine, na wao hawatajua kwa nini.

Waliohamisha Linux kwenye prosesa mbalimbali walilielewa hili vizuri. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 kwenye Intel 386. Ilipopelekwa kwenye prosesa ya Alpha ya kampuni ya Digital, tayari mashine hizo zilikuwa na programu za mfumo uitwao OSF/1. Wahamishaji wakaamua Linux ya Alpha itumie nambari za OSF/1, ili programu zile ziweze kuendeshwa jinsi zilivyo. Linux ya SPARC ikachukua nambari za SunOS, na ya MIPS ikafuata Unix zilizokuwa kwenye mashine za MIPS. Kwa hiyo O_CREAT ya Linux ina nambari tatu: 64 kwenye prosesa nyingi, 256 kwenye MIPS, 512 kwenye Alpha na SPARC. Mtu anayependa unadhifu atakunja uso. Lakini 256 na 512 ziliwekwa kwa ajili ya mgeni aliyekuwa akiingia na mizigo yake, akapokewa bila kuambiwa aitue kwanza.

Si kila tofauti ilizaliwa kwa mpango. Unix ya zamani ilikuwa na kosa nambari 11, EAGAIN, linalomwambia mwombaji ajaribu tena. Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilipoleta soketi za mtandao, BSD ikaongeza kosa nambari 35, EWOULDBLOCK: jambo hili lingenilazimu kusubiri, nawe umenikataza kusubiri. Baadaye ikaonekana kwamba kwa mpokeaji makosa haya mawili yana maana moja, na EAGAIN ikahamishiwa 35. Nafasi ya 11 iliyobaki wazi ikapewa EDEADLK, kosa la michakato kukwama ikisubiriana. Linux yenyewe ikaiacha EAGAIN pale pale kwenye 11, na EDEADLK ikaiweka kwenye 35. Makosa mawili yamebadilishana viti kabisa. Katika faili la vichwa la BSD, kando ya 11, upo mpaka leo mstari mfupi wa maelezo unaosema kwamba zamani nafasi hiyo ilikuwa ya EAGAIN. Aliyeuandika alijua kuna atakayekuja baadaye akichanganyikiwa.

Ishara za michakato nazo zina visa vyake. Amri ya kill -19 kwenye Linux ya kawaida husimamisha mchakato. Kwenye macOS, 19 huuamsha mchakato uliosimamishwa. FreeBSD, ambayo ina uwezo wa kuendesha programu zilizotengenezewa Linux, inatunza meza za tafsiri kwa mambo haya yote: makosa, ishara, biti za open, moja baada ya nyingine. Programu ya Linux inaomba kwa nambari zake, kerneli inatafsiri kwa nambari za FreeBSD, kazi inafanyika, jibu linatafsiriwa kurudi. Meza hizo zinachosha kuzisoma, na mstari mmoja ukikosewa programu itaambiwa imekwama wakati ilipaswa kuambiwa tu ijaribu tena.

Mwaka 1988 taasisi ya IEEE ilipotoa kiwango cha kwanza cha POSIX, iliamua jambo la busara: kukubaliana juu ya majina, na nambari kumwachia kila mwenye mfumo. Kampuni zilizokuwa mezani zilikuwa na programu za wateja zilizokwisha kutafsiriwa. Kuzilazimisha zibadili nambari kungeua makubaliano kabla hayajazaliwa. Lakini POSIX haikuwa na ushabiki wa kanuni. Pale ambapo watu walikwisha kuzoea kuchapa tarakimu kwa vidole vyao, tarakimu zilikubaliwa. Kill -9 ni kuua na kill -15 ni kuomba mchakato ujifunge, popote uendapo. Ingizo, tokeo na mkondo wa makosa ni 0, 1 na 2. Ruhusa za mafaili, ile 644 na 755 inayochapwa kila siku na wasimamizi wa seva, thamani zake zilikuja kuandikwa waziwazi ndani ya toleo la 2008. Kiwango kilitazama mikono ya watu kabla ya kuandika sheria.

Majina, hata hivyo, yanatosha pale tu ambapo kuna kompaila ya kuyageuza. Nambari inayoandikwa ndani ya faili na kubebwa hadi mashine nyingine, au inayopita kwenye waya, haina kompaila inayoisubiri upande wa pili. Hapo lazima mtu achague nambari moja kwa wote. NFS, itifaki ya kushirikiana mafaili kupitia mtandao, iliweka meza yake ya makosa. Faili lisilokuwepo ni 2, kama ilivyo Unix karibu zote. Kitambulisho cha faili kilichopitwa na wakati ni 70, na ni 70 kwenye waya hata kama mashine iliyotuma ni ya Linux, ambayo kwake kosa hilo ni 116. Toleo la tatu la itifaki, la 1995, lilipohitaji makosa mapya ambayo Unix haikuwa nayo, halikuendeleza hesabu palepale lilipoishia. Liliruka hadi 10001, mbali na sehemu yoyote ambayo mfumo wowote ungeweza kufika kwa kuongeza makosa yake yenyewe.

Mfano ninaourudia zaidi uko kwenye tcpdump, chombo cha kunasa pakiti za mtandao kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 1980 katika maabara ya Lawrence Berkeley. Faili la pakiti zilizonaswa hutaja aina ya mtandao zilikonaswa, kwa nambari. Mwanzoni ilikuwa nambari ileile ya ndani ya kerneli, na kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Kisha mifumo ya BSD ikatengana, kila mmoja ukaongeza aina zake. Pakiti ghafi za IP zikawa 12 kwenye mifumo mingi, na 14 kwenye OpenBSD. Faili likinaswa kwenye OpenBSD na kufunguliwa kwingineko, 14 ilisomwa kwa maana ya huko.

Watunzaji walitenganisha orodha mbili. Nambari za kerneli zilibaki kuwa za kerneli. Kwa mafaili wakatunga orodha nyingine, na pale mifumo ilipokuwa haikubaliani hawakuchagua upande wa mshindi. Walianza upya kutoka 100, juu ya nambari yoyote iliyokuwa imetumika kwenye kerneli yoyote. Pakiti ghafi za IP zikawa 101 ndani ya faili, kwa wote. Hii 101 haifanani na 12 wala 14, na kutofanana huko ndiko kazi yake. Hakuna mtu atakayeiona akadhani ni nambari ya kerneli yake, na programu isiyoijua itasema haiijui badala ya kuisoma vibaya.

Palipochelewa kutengwa, alama imebaki. Pakiti zinazonaswa ndani ya mashine moja, zisizotoka nje, kwenye BSD huanza na nambari ya familia ya anwani. Kwa IPv4 ni 2 kila mahali, urithi wa Berkeley ambao haukuguswa. Kwa IPv6 kila mfumo ulijichagulia: 24 kwa NetBSD na OpenBSD, 28 kwa FreeBSD, 30 kwa macOS. Leo msomaji yeyote wa mafaili hayo analazimika kuzikubali zote tatu.

Sasa tuingie kwenye chumba cha ndani cha ufundi huu: namna ya kuchagua nambari ambayo ikikosewa inalalamika yenyewe. Mwito wa openat hufungua faili kwa kuanzia kwenye saraka fulani, ambayo hutajwa kwa nambari iliyotolewa ilipofunguliwa. Nambari hizo huanzia 0 kwenda juu. Anayetaka kuanzia saraka aliyomo hutumia jina AT_FDCWD, na jina hilo lilihitaji thamani isiyoweza kuwa nambari ya faili. Iliyo karibu zaidi ni -1. Lakini -1 ndiyo open hurudisha inaposhindwa. Ingechaguliwa hiyo, programu iliyoshindwa kufungua saraka na kusahau kukagua ingeipeleka -1 kwenye openat, na kazi ingeendelea ndani ya saraka nyingine kabisa, labda kufuta mafaili yasiyohusika. Linux na FreeBSD zinatumia -100. macOS inatumia -2. Solaris inatumia tarakimu ndefu ambazo ukizitazama huoni zilikotoka. Zote zimeikwepa -1, na aliyesahau kukagua anaambiwa hapohapo kwamba nambari yake ya faili ni mbovu.

Kisa cha pili kinaonyesha fundi akifanya kazi ndani ya ukuta aliourithi. Open ya Linux ina tabia mbaya ya kuzaliwa nayo: ikiona biti isiyoijua, inaipuuza na kuendelea. Kwa hiyo ukiongeza biti mpya mwaka huu, kerneli ya zamani itaipokea kwa tabasamu na kufanya kitu kingine. Mwaka 2013, Linux 3.11 ilipoleta O_TMPFILE, ombi la faili la muda lisilo na jina ndani ya saraka fulani, tatizo hili lilikuwa wazi. Watunzi hawakuipa biti moja. Waliifunga biti mpya pamoja na biti ya zamani, O_DIRECTORY, inayodai kwamba kinachofunguliwa lazima kiwe saraka, na wakaweka sharti kwamba ombi liwe la kuandika. Kerneli mpya inaziona biti zote mbili na kuelewa. Kerneli ya zamani inaipuuza ile mpya, inabaki na ombi la kuifungua saraka kwa kuandika, jambo ambalo Unix haijawahi kuliruhusu, na inajibu kwa kosa. Kerneli isiyojua lolote kuhusu jambo hilo imefanywa ikatae kwa kutumia sheria zake yenyewe.

Ujanja wa namna hiyo ulirudi kwenye mmap, mwito wa kuliweka faili ndani ya kumbukumbu, ambao nao ulikuwa ukipuuza biti usizozijua. Kushirikisha ni 1, kutenga ni 2. Mtu hawezi kutaka yote mawili, kwa hiyo 3 ilikuwa imekaa bure, na kila kerneli ya zamani iliikataa. Katika Linux 4.15, ya Januari 2018, 3 ikapewa maana: shirikisha, na safari hii kagua kila biti niliyoleta, usiyoijua ikatae.

Ndipo mwaka 2020, katika Linux 5.6, ukaja openat2, mwito mpya ambao tangu siku yake ya kwanza hukataa biti yoyote usiyoijua. Mwaka mmoja kabla, meza za nambari za miito yenyewe nazo zilikuwa zimepangwa. Mwito wa write ni 1 kwenye Intel ya biti 64, ni 4 kwenye ile ya biti 32, na ni 64 kwenye ARM ya biti 64. Hayo hayabadiliki tena. Lakini kwa miito mipya iliamuliwa nambari iwe moja kwenye prosesa zote, na meza ya Intel ya biti 64 ikaruka kutoka 334 hadi 424 ili ilingane na nyingine. Alpha pekee huongeza 110 juu yake, kwa heshima ya OSF/1. Anayeangalia pengo hilo bila kujua atadhani kuna kitu kimepotea.

Kwa anayetunga leo kiolesura cha mfumo wa malipo, au itifaki ya vifaa vinavyowasiliana shambani, mafunzo haya yanachukulika moja kwa moja. Sifuri isiwe na maana nzito, maana ndiyo thamani ya aliyesahau. Nambari ya kushindwa isifanane na nambari ya kufaulu. Kinachosafiri kiwe na orodha yake, mbali na orodha ya ndani. Nafasi iachwe, na sababu ya kuiacha iandikwe kando yake. Haya yote yakisahaulika yanaweza kurekebishwa baadaye kwa gharama. Lililobaki, kukataa usichokijua, halina baadaye: ukipuuza biti moja siku ya kwanza, siku ya pili kuna programu inayoituma bila sababu na kutegemea ipuuzwe, na kuanzia hapo biti hiyo si yako tena.